Nati Mbili za Nyuma

Katika kazi ya magurudumu kuna sheria moja ambayo Katunge alikuwa ameihubiri kwa miaka kumi na saba: nati huanza kwa vidole. Uishike, uizungushe kwa mkono mizunguko mitatu, ikiteleza vizuri ndipo ulete spana. Ikikataa vidole, itoe, isafishe, anza upya. Aliwahubiria madereva wa malori, akawahubiria walimu wenye vigari vidogo waliokuja wamejifungia magurudumu wenyewe na kuyaharibu, akawasema mpaka wakaona haya. Alikuwa mwanamke pekee mwenye kibanda cha pancha kwenye barabara inayotoka Garissa kwenda Modogashe, kwa hiyo hakuwa na simile na mtu. Kosa ambalo fundi mwanamume akilifanya huitwa bahati mbaya, yeye akilifanya lingeitwa mwanamke.

Na bado, Ijumaa ile, nati mbili alizifunga bila kuzigusa kwa vidole.

Abshir alifika saa tano na nusu na pikapu yake nyeupe ya zamani. Walikuwa majirani wa miaka mingi. Nyumba yake ilikuwa nyuma tu ya kibanda, na yeye alikuwa dalali wa mbuzi kwenye soko la mifugo, mtu wa maneno mengi na mzaha mwingi. Siku hiyo hakuwa na mzaha. Tairi la nyuma, upande wa kulia, lilikuwa limekwisha hadi waya zinaonekana, naye alikuwa amenunua jingine jipya. Alitaka lifungwe aondoke hapo hapo, hata kabla ya sala ya Ijumaa, kwa kuwa ndugu yake alikuwa amempigia simu kutoka Lafey, safari ya siku mbili. Mama yao hali, hanywi, na tangu alfajiri anamuulizia Abshir.

Katunge aliuelewa uzito wa jambo hilo kuliko mtu mwingine yeyote barabarani pale, maana alimjua mama mwenyewe. Mama Muslimo alikuwa ameishi kwa mwanawe hapo Garissa miaka tisa. Kila alasiri alikuwa akija kibandani na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, akikaa juu ya tairi kuukuu, akimfundisha Katunge Kisomali na kumcheka matamshi. Katunge, aliyemzika mumewe akiwa na miaka thelathini na kuachwa na kibanda, jeki mbili na watu wanaosubiri aanguke, hakuwa na mama mwingine karibu. Mama yake mzazi alikuwa Mwingi, tena mgonjwa wa miguu.

Kisha Abshir akauza ngamia wa mama yake. Walikuwa majike wawili, mama alirithishwa na babake mwenyewe, nao walichungwa na jamaa huko Lafey. Abshir aliwauza kwa simu bila kumuuliza, akanunua pikapu. Alidhani akishaliona gari mama atafurahi. Mwanamume mzima, mfugaji mwana wa mfugaji, hakufikiri kwamba jike la maziwa lenye jina lake haliuzwi hivyo hivyo kama gunia la mchele. Mama Muslimo hakupiga kelele. Alifunga nguo zake kwenye shuka, akapanda basi, akarudi kwao. Miaka miwili sasa. Akipiga simu alikuwa akiwauliza wajukuu hali zao, na sauti ya Abshir ikiingia, simu alimpa mtu mwingine. Abshir kila mwezi alikuwa akisema mwezi ujao atakwenda kumwangukia.

Sasa mwezi ulikuwa umefika wenyewe. Alikuwa akienda kuomba radhi, na radhi ya mzazi huombwa akiwa bado na uwezo wa kuitamka.

"Abaayo, nifungie haraka," alimwambia Katunge, na hilo neno la dada alikuwa akimwita tangu walipojuana. "Nataka nikute mama iko na ulimi."

Katunge alipandisha gari kwa jeki. Alikuwa amenunua, mwezi mmoja tu uliopita, mashine ya upepo ya kufungia nati, ya kwanza kwenye kipande kile cha barabara. Ng'ambo ya barabara, Dancan, fundi wa magari aliyekuwa na ulimi mrefu kuliko ujuzi, alikuwa ametabiri kwamba mashine ile itamvunja mwanamke mikono. Tangu siku hiyo Katunge alikuwa akiitumia kila Dancan anapotazama, na Dancan alikuwa akitazama, kijiti mdomoni. Kwa haraka ya Abshir na kwa macho ya Dancan, Katunge aliziweka nati zote sita kwenye mashine moja kwa moja. Nne ziliingia zikiimba. Ya tano ililia, ikaingia kwa kukwaruza. Ya sita nayo hivyo hivyo, kwa kuwa hakutaka kusimama.

Aliijua sauti ile. Nati ilikuwa imeingia kombo, meno ya chuma yamepandana, na stadi, ile bolti iliyotoka kwenye habu ya gari kushika gurudumu, imeshalika. Kuna dawa moja tu. Nati inatolewa, stadi inagongolewa nje, mpya inapigwa mahali pake. Stadi mpya zilikuwa kwa Noordin, duka la vipuri, hatua hamsini kutoka pale. Katunge aliinua kichwa akamwona Noordin akiteremsha mlango wa chuma, kofia kichwani, tayari kwenda msikitini. Maduka yote ya upande ule yalikuwa yakifungwa. Noordin angefungua saa nane.

Ilikuwa ni kusubiri kwa saa mbili na nusu, basi. Abshir angelala Modogashe badala ya Wajir, angefika Lafey Jumamosi jioni badala ya Jumamosi mchana. Au kama kusubiri kulikuwa kugumu, Katunge angeweza kusema maneno machache tu: nimekuharibia stadi mbili, usiondoke bila patasi na nyundo, ukipata pancha utazihitaji. Alikuwa na patasi tatu pale chini. Angempa moja.

Lakini angeyasema mbele ya Dancan. Dancan angetoa kijiti mdomoni acheke, na kufikia sala ya alasiri mji mzima ungekuwa unajua kwamba mashine imemshinda mama wa pancha. Hiyo tu. Watu huuliza maovu makubwa yanatoka wapi. Mengine hutoka mahali padogo kama hapo.

Alichukua paipu, akaivisha kwenye mkono wa spana, akapanda juu na kuzikandamiza zile nati mbili kwa uzito wake wote mpaka zikakaa sawa na nyingine. Kwa nje hazikuwa na tofauti. Akateremsha jeki.

"Tayari," alisema.

Abshir alimshukuru, akamwomba amwombee mama, Katunge akamwambia Mungu amtangulie. Pikapu ikaondoka. Katunge akaenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu.

Habari ya kifo ilifika Jumapili asubuhi. Hamdi, mke wa Abshir, alikuja mwenyewe kibandani kumwambia, kwa kuwa alijua walivyopendana na marehemu. Mchana Katunge alifunga kazi, akajitanda mtandio, akaenda kukaa na wanawake kwenye mkeka. Hapo ndipo aliposikia, kwa kupitishwa tu kama habari nyingine, kwamba gari lilimkwamia Abshir njiani na hakumkuta mama hai. Kikombe kilikuwa mkononi mwake na aliendelea kukishika. Alijiambia kwamba gari hukwama kwa mambo elfu, kwamba ni injini au ni mchanga au ni springi. Barabara ile ina mawimbi ya kutikisa meno. Alijiambia hivyo kwa siku kumi na saba, na usingizi haukumkubalia hata usiku mmoja.

Siku ya kumi na nane Abshir alirudi. Pikapu iliingia polepole, gurudumu la nyuma kulia likiwa limeshikwa na nati nne. Alikuwa amekonda na ndevu zimeota. Katunge alimpa pole, akamuuliza hali ya ndugu, na Abshir akakaa juu ya tairi lile lile kuukuu akasimulia bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusimulia mara nyingi.

Alilala Wajir Ijumaa. Jumamosi alfajiri ndugu yake alimpigia akasema mama ana nafuu kidogo, anaongea, anataka kujua yuko wapi. Akamwambia, nikuwekee simu sikioni mwake, uombe sasa hivi. Abshir akakataa. Jambo kama lile haliombwi kwa simu, alisema. Atafika mchana, ataushika mguu wa mama kwa mkono wake mwenyewe. Akaondoka. Alipita Kotulo, na saa nne asubuhi, mahali pasipo na nyumba wala mtandao, tairi lile jipya likapasuliwa na jiwe. Tairi la akiba alikuwa nalo, jeki alikuwa nayo. Nati nne zilitoka. Mbili zilikataa. Alipozilazimisha, stadi zenyewe zikaanza kuzunguka pamoja na nati ndani ya habu, zinazunguka tu, hazitoki wala hazikazi, na gurudumu likakaa pale pale.

"Niligeuza mpaka mkono ikatoka damu," alisema. "Inazunguka, abaayo. Kama inanicheka."

Gari la kwanza kupita lilikuwa la abiria, halina kifaa. La pili halikusimama, na upande ule wa majambazi mtu atamlaumu vipi dereva asiyesimama kwa ajili ya mgeni porini? La tatu lilikuwa lori la dereva mmoja mwenyeji wa Banissa, Nunow, aliyekuwa na patasi na nyundo. Alizipasua zile nati, akakata ncha za stadi, wakaweka tairi la akiba kwa nati nne. Saa kumi na moja jioni. Usiku hakuna anayeiendea njia ile, kwa hiyo Abshir alilala Elwak, na alipopata mtandao Elwak simu ya kwanza kuingia ilikuwa ya ndugu yake. Mama alikuwa amekata roho wakati wa magharibi. Alikuwa ameongea hadi alasiri. Alikuwa ameuliza, yule mtoto amefika?

Walimzika Jumapili asubuhi na mapema, maana maiti hakai kumsubiri mtu, hata akiwa mwanawe. Abshir alipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka kaburini wakijikung'uta vumbi mikononi.

Katunge alisikiliza yote haya ameinama kwenye gurudumu, kwa kuwa alikuwa ameanza kazi ili asimtazame. Alifungua nati nne, akavuta gurudumu, akatoa dramu ya breki. Vipande vya zile stadi mbili vilikuwa bado kwenye habu. Alivigongoa, vikaangukia kiganjani mwake. Meno yalikuwa yamelalia upande, yamesagika kwa mshazari, kazi ya mashine iliyoanzishwa bila vidole na kumaliziwa kwa paipu. Hata mtoto wa shule angeonyeshwa hapo jinsi nati isivyofungwa. Alivitia mfukoni, akaenda mwenyewe kwa Noordin kuchukua vipya.

Abshir aliendelea kumsemesha kwa nyuma. Alikuwa ametulia kuliko alivyotazamia Katunge. Alisema siku za kwanza alitaka kuichoma pikapu moto, alikataa kula, alijilaumu kwa simu ile aliyoikataa Wajir. Kisha Sheikh Yahye, mjomba wa mama, akamkalisha chini siku tatu mfululizo. Akamwambia saa ya mama iliandikwa kabla hajazaliwa, na jiwe lile liliandikwa, na zile nati ziliandikwa. Mama alimuulizia, basi alikuwa amekwisha kumsamehe. Mzazi hamuulizii mtu asiyetaka kumwona. Abshir alisema maneno hayo yalimwingia. Ni kadari ya Mungu, na mbele ya kadari binadamu anasema alhamdulillahi na kuinamisha kichwa. Sasa alikuwa anaweza kulala.

Katunge alipiga stadi mpya mahali pake. Alizianza nati zote sita kwa vidole, moja moja, mizunguko mitatu mitatu, taratibu kupita kiasi. Dancan alikuwa ng'ambo anakula mahindi, hana habari na mtu.

Alipomaliza, Abshir alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika ukawa wa shughuli rasmi, na Katunge, aliyeishi miaka mingi na watu wale, akajua kinachokuja kabla hakijatamkwa. Mtu akifa, jamaa zake huwazungukia waliomjua kumwombea msamaha, ili asilale kaburini na haki ya mtu shingoni.

"Abaayo, mama ilikaa hapa kwako siku mingi," alisema. "Mtu akikaa anaweza kosea mwingine kwa neno, kwa chakula, kwa kitu. Kama mama ilikukosea popote, nakuomba umsamehe."

Alikuwa ameushika mkono wa Katunge kwa mkono wake wenye kovu jipya kiganjani. Na hapo Katunge hakuweza tena. Kuombwa msamaha na mtu huyu, kwa niaba ya mwanamke yule, kulimzidi. Roho ilikuwa imemsuta siku kumi na nane, na alichotaka, kwa wakati ule, kilikuwa kitu kimoja tu, kuutua ule mzigo. Alitoa vile vipande viwili mfukoni.

"Ni mimi," alisema. "Nati ziliingia kombo nikazilazimisha. Mashine ilizitafuna stadi."

Abshir alivitazama vile vyuma, kisha akamtazama yeye.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kabla mimi sijaondoka?"

"Kabla hujawasha gari. Duka la Noordin lilikuwa linafungwa. Na Dancan alikuwa anatazama." Alisikia mwenyewe jinsi yalivyokuwa maneno madogo. "Ningeweza kukupa hata patasi. Nisamehe, Abshir. Tangu siku ile silali."

Lori la ng'ombe lilipita, vumbi likawafunika, likatua. Abshir hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mpaka saa hii ilikuwa ni Mungu," alisema. "Na Mungu mimi nakubali, siwezi gombana na yeye. Sasa umenipatia mtu." Aliuachia mkono wake. "Wewe utalala leo. Mimi nitaanza kuhesabu ile masaa tena."

Alisema pia kwamba dini inamtaka asamehe na kwamba atajitahidi, lakini si leo, na asimwulize ni lini. Akaingia kwenye pikapu. Alilipa kama mteja yeyote, kupitia simu, bila kuteremsha kioo.

Katunge alibaki amesimama na vile vyuma kiganjani. Alikuwa amedhani kwamba akisema kweli kitu kitapungua duniani, na kweli kilipungua, kifuani mwake yeye. Wepesi ule ulimtia aibu. Siku ambayo maneno machache yangemfikisha mwana kwa mama yake, alikuwa amenyamaza ili asichekwe. Na siku ambayo kunyamaza kungekuwa sadaka, alikuwa amesema ili alale. Mara zote mbili alikuwa amejitazama yeye tu.

Pikapu ilikuwa imeshafika kwenye kona ya soko la mifugo ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa ameombwa jibu. Mama Muslimo, aliyempikia chai miaka tisa, alikuwa ameombewa msamaha, jambo la neno moja tu, na yeye hakujibu. Alipiga simu. Ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatwa mara moja.

"Hakunikosea kitu," Katunge alisema, kwa sauti, pale kando ya barabara. "Mwambieni hakunikosea kitu."

Dancan, ng'ambo, alitoa hindi mdomoni akauliza anaongea na nani.